Kutoka Mgomba hadi Kopo: Chakula cha Mbwa katika Historia ya Rungwe

Kwenye miteremko ya Mlima Rungwe mbwa walilishwa kwa kiasi kikubwa bila nafaka muda mrefu kabla ya kiwanda chochote duniani kutia chakula cha mbwa kwenye kopo. Ibighi, kata mojawapo ya Wilaya ya Rungwe upande wa mji wa Tukuyu, iko kwenye udongo wa volkano, takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mvua ya eneo hilo hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Udongo huo na mvua hiyo viliamua watu wale nini. Viliamua pia chakula cha mbwa, kwa sababu mbwa wa Afrika Mashariki tangu zamani amekula kilichobaki kwa mwenye mji.

Mgomba huzaa mwaka mzima huku, nao ndio uliosimama katikati ya mlo wa Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1879 akiongozwa njiani na Chuma, yule aliyekuwa mtu wa Livingstone, alivutiwa sana na migomba iliyozunguka nyumba, usafi wa miji na ng'ombe walionenepa. Wamisionari wa Kimoraviani waliojenga kituo chao Rungwe mwaka 1891 walikuta maisha yaleyale. Wanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey, walioishi na Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, walieleza chakula hicho kwa undani: ndizi za kupika, maharage, maziwa yaliyoganda, mahindi yaliyokuwa yakizidi kushika nafasi, na ulezi ambao sehemu yake kubwa iliishia kwenye pombe. Walieleza pia desturi ya vijana wachungaji kula pamoja, wakizunguka leo kwa mama wa huyu na kesho kwa mama wa yule. Mahali ambapo watu wengi hula pamoja hapakosi makombo, na mbwa hujua saa.

Kazi ya mbwa ilikuwa kulinda mji usiku na kufukuza nguruwe pori, nyani na tumbili mashambani. Hakupikiwa chungu chake. Alipewa mabaki ya ndizi zilizopikwa, maharage yaliyoshika chini ya chungu, mifupa siku ya kuchinja, na maziwa yaliyobaki kibuyuni. Vingine alijitafutia mwenyewe: panya, kumbikumbi wakati wa mvua, mzoga. Mlo huo ukipimwa kwa elimu ya lishe ya leo, unaonyesha mambo mawili yanayofaa kueleweka kabla ya kufika kwenye kopo.

Jambo la kwanza ni wanga. Ndizi mbichi ina wanga ambao tumbo la mbwa haliuvunji vizuri. Unapochemshwa hulainika, naye mbwa huumeng'enya bila taabu. Uwezo huo una historia ndefu. Mwaka 2013 Erik Axelsson na wenzake wa Uppsala, Sweden, walionyesha katika jarida la Nature kwamba mbwa mwitu wa kaskazini ana nakala mbili tu za jeni la kimeng'enya kinachovunja wanga, ilhali mbwa wa kufugwa ana nakala kuanzia 4 hadi 30. Tafiti zilizofuata zilionyesha kuwa nakala hizo ni nyingi zaidi kwa mbwa walioishi na wakulima, na ni chache kwa dingo wa Australia na kwa mbwa wa watu wa barafu walioishi kwa nyama na samaki. Kwa hiyo dai kwamba mbwa ni mbwa mwitu aliyekosea njia, na kwamba wanga ni sumu kwake, halisimami. Mbwa wa mkulima ni zao la shamba, sawa na mkulima mwenyewe.

Jambo la pili ni upungufu wa ndizi. Ukiondoa maji yake, ndizi ya kupika ina protini ya asilimia 3 hadi 4 tu. Mbwa aliyekomaa anahitaji si chini ya asilimia 18. Ndizi peke yake ingemdhoofisha mbwa mpaka afe; aliyemwokoa ni ng'ombe. Maziwa yaliyoganda yalileta protini bora, chokaa ya mifupa na mafuta, tena katika hali inayomfaa mbwa mkubwa, kwa maana bakteria wa kugandisha wamekwisha kupunguza sukari ya maziwa ambayo huwaharisha mbwa wengi. Maharage yaliongeza protini kidogo, na panya na mifupa vikaziba mapengo. Sotoka ilipoingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kufyeka ng'ombe, kilichopotea kilikuwa kikubwa kuliko mali ya mahari. Mhimili wa lishe nzima ya mji ulivunjika, wa watu na wa mbwa wao pia.

Nafaka ilichukua nafasi ya ndizi kwa njia ya kazi ya mshahara. Wajerumani walipohamisha boma lao kutoka ufukoni mwa ziwa na kulijenga juu milimani, pakaitwa Neu-Langenburg, ndipo ulipoanzia mji wa Tukuyu. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Waingereza yaliyoongozwa na Edward Northey yalivuka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini yakauteka. Nyuma yao walifuata wapagazi kwa maelfu, wale tengatenga, waliokula unga wa mahindi kama posho. Baada ya vita vijana wa Rungwe walikwenda migodi ya dhahabu ya Lupa, migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, na wengine mpaka Afrika Kusini. Kote huko posho ilikuwa unga. Mahindi yaliota vizuri nyumbani pia, yakahifadhika kuliko ndizi, na mashine za kusaga zilipofika ugali ukawa chakula cha kila siku. Mbwa akafuata. Ukoko wa ugali uliolowekwa mchuzi au maji ya dagaa ndio mlo wa mbwa wengi wa Tukuyu mpaka leo.

Kwa protini, mbwa alipata nafuu kidogo kwa mabadiliko hayo, kwa sababu unga wa mahindi una protini ya asilimia 8 au 9, zaidi ya maradufu ya ndizi. Hata hivyo protini ya mahindi imepungukiwa laisini na triptofani, na niasini yake imefungamana kiasi kwamba mwili hauipati kirahisi. Madhara yake yalijulikana kwa mbwa wenyewe. Kusini mwa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, maskini waliokula mahindi waliugua pelagra, na mbwa wao wakapata ugonjwa ulioitwa ulimi mweusi: kinywa kinaoza, mate yanatoka, mnyama anaharisha hadi kufa. Daktari Joseph Goldberger na wenzake walitumia mbwa kuthibitisha kuwa magonjwa hayo mawili ni mamoja, na mwaka 1937 Conrad Elvehjem wa Wisconsin akaponya mbwa wa ulimi mweusi kwa asidi ya nikotini. Huko London, Edward Mellanby alikuwa amekwisha kuwalisha watoto wa mbwa uji wa shayiri ndani ya nyumba bila jua, wakapata matege. Alipowapa mafuta ya ini la samaki hawakuugua. Sehemu ya elimu ya vitamini anayofaidi binadamu leo ilitoka kwa mbwa waliolishwa nafaka tupu, na deni hilo halitajwi vya kutosha.

Nafaka ilikuja na hatari nyingine, ya ukungu. Katika nchi ya mvua ndefu kama Rungwe kukausha mahindi ni kazi ngumu, na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mwaka 2016 ilileta vifo Dodoma na Manyara. Mbwa huathirika upesi zaidi ya wanyama wengi wa nyumbani, ini likiharibika kwa kiasi kidogo tu cha sumu. Desturi ya kumchagulia mbwa mahindi yaliyooza na pumba zenye ukungu, ati kwa sababu binadamu hawezi kuyala, ni desturi mbaya na inafaa kuachwa.

Wakati Rungwe ikihama kutoka ndizi kwenda ugali, chakula cha mbwa cha kiwandani kilikuwa kikisafiri njia yake, nacho kilianza kwa nafaka. James Spratt, Mmarekani aliyekuwa London, alianza mnamo mwaka 1860 kuuza biskuti za mbwa za ngano, mboga na nyama. Kopo lilifuata mwaka 1922, kampuni ya Chappel ya Rockford, Illinois, ilipotia nyama ya farasi kwenye kopo lililoitwa Ken-L Ration. Trekta na magari yalikuwa yamewaachisha kazi farasi wengi, na nyama yao ikawa rahisi. Makopo yalitawala soko la Marekani mpaka Vita vya Pili vya Dunia, bati lilipowekwa chini ya mgao na viwanda vikageukia chakula kikavu. Chakula kikavu kinahitaji wanga ili punje zishikamane mashineni, kopo halihitaji. Ndiyo maana chakula cha kopo kisicho na nafaka ni rahisi kutengeneza, na ndiyo maana maneno “bila nafaka” kwenye kopo hayamwambii mnunuzi mengi kama anavyodhani.

Woga wa nafaka ulipata nguvu mwaka 2007. Mwezi Machi mwaka huo kampuni ya Menu Foods ya Kanada iliondoa sokoni mamilioni ya makopo na mifuko baada ya mbwa na paka kufa kwa figo kushindwa. Chanzo kilikuwa protini ya ngano kutoka China iliyochanganywa melamini. Ujanja ulikuwa katika kipimo chenyewe: tangu Johan Kjeldahl wa Copenhagen alipobuni njia yake mwaka 1883, protini hukadiriwa kwa kupima naitrojeni na kuzidisha kwa 6.25, na melamini imejaa naitrojeni isiyo na lishe yoyote. Ngano haikuwa na kosa, lakini wenye mbwa wengi waliiona yenyewe kuwa adui. Makampuni yakaitoa nafaka na kuweka njegere, adesi, dengu, viazi na muhogo.

Julai 2018 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitangaza kuwa inachunguza ugonjwa wa moyo kutanuka kwa mbwa waliokula vyakula vya namna hiyo. Hadi mwisho wa Aprili 2019 ilikuwa imepokea taarifa 524 tangu mwaka 2014. Zaidi ya asilimia 90 ya vyakula vilivyotajwa havikuwa na nafaka, na asilimia 93 vilikuwa na njegere, adesi au vyote viwili. Wengi wa mbwa hao walikula chakula kikavu. Mwishoni mwa 2022 FDA ilisema idadi ya taarifa pekee haitoshi kuthibitisha kwamba chakula ndicho kilichosababisha ugonjwa. Jambo moja lililoangaliwa sana ni taurini, ambayo mbwa hujitengenezea kutoka methionini na sisteini, asidi amino zilizo nyingi katika nyama na chache katika jamii ya kunde. Mlo wa kale wa Rungwe ulikuwa na maharage tele, lakini maziwa, mifupa na panya vilikaa kando yake. Chakula cha kiwandani kikijaza nafasi ya nyama kwa njegere, huwa kimeondoa kile ambacho mji wa Kinyakyusa haukuwahi kumnyima mbwa kabisa.

Kopo lililofunguliwa linaonyesha mengi kwa macho. Juu pana tabaka la mafuta yaliyoganda, chini yake vipande vya rangi ya kahawia vilivyoshikwa na jeli. Vipande vyenye umbo sawasawa kwa kawaida ni nyama iliyosagwa, ikaumbwa na kupikwa upya. Vyenye nyuzi zisizolingana huenda ni nyama yenyewe. Jeli mara nyingi hutokana na guari ya India au karajini ya mwani. Mwani huo unalimwa Zanzibar kwa biashara tangu mwaka 1989, ukianzia Paje na Jambiani, na wakulima wake wengi ni wanawake wanaofunga kamba maji yanapokupwa. Huenda basi jasho la mama wa Jambiani likarudi Afrika Mashariki ndani ya kopo la mbwa kutoka Ulaya. Karajini na guari havina lishe ya maana kwa mbwa. Kazi yao ni kushika maji.

Maji ndiyo yanayopotosha wasomaji wa lebo. Kopo la kawaida ni maji kwa asilimia 75 hadi 80. Chukua mfano wa kopo linaloandikwa maji asilimia 78, protini 9, mafuta 6, nyuzinyuzi 1.5 na majivu 2.5. Protini ya 9 inaonekana ndogo karibu na mfuko wa chakula kikavu unaoandikwa 24. Lakini kitu kikavu ndani ya kopo ni sehemu 22 tu katika 100. Gawanya 9 kwa 22, protini inakuwa takriban asilimia 41. Mfuko wenye maji asilimia 10 unabaki na takriban 27. Mafuta ya kopo yanafika asilimia 27, na wanga, ambao lebo nyingi hazisemi, hupatikana kwa kutoa yote hayo kutoka 100: unabaki 3, yaani karibu asilimia 14 ya kitu kikavu. AAFCO, jumuiya ya maofisa wanaosimamia vyakula vya mifugo Marekani, inataka kwa mbwa mkubwa protini isiyopungua asilimia 18 na mafuta 5.5 ya kitu kikavu, na kwa watoto na majike wanaonyonyesha 22.5 na 8.5. Kopo la mfano huu linapita vizuri.

Asilimia hazitoshi, kama melamini ilivyofundisha. Viungo huandikwa kwa kufuata uzito kabla ya kupika, na nyama mbichi huhesabiwa pamoja na maji yake, hivyo nyama inayoongoza orodha inaweza kusinyaa sana. Njegere zikigawanywa kuwa unga wa njegere, protini ya njegere na maganda ya njegere, kila kimoja hushuka chini ya orodha, ingawa pamoja vinaizidi nyama. Maini, mapafu na bandama havipaswi kudharauliwa, kwani ini lina vitamini A na B nyingi kuliko mnofu. Joto la takriban nyuzi 121 linaloua vijidudu ndani ya kopo huharibu pia sehemu ya vitamini B1, kwa hiyo vitamini na madini yanayotajwa mwishoni mwa orodha ni ya lazima. Maneno ya kutafutwa kuliko yote ni yale yanayosema kuwa chakula kimekamilika na kina uwiano, na kwa mbwa wa umri gani. Kopo lisilo na maneno hayo ni kitoweo tu, liwe na nafaka au lisiwe nayo.

Tanzania ina Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amlishe ipasavyo. Utekelezaji kwa kaya ya Ibighi unategemea mfuko. Kopo la gramu 400 lina nishati ya takriban kilokalori 400, na mbwa wa kilo 15 anayelinda na kuzunguka huhitaji kati ya 700 na 1,000 kwa siku. Ni makopo mawili au zaidi kila siku, gharama ambayo kaya nyingi haziwezi kuibeba.

Kinachoweza kubebwa kipo sokoni Tukuyu. Usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa wanaopanda kutoka Kyela, wakiwa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na kwa kuwa huliwa na mifupa yao huleta chokaa na fosforasi kwa uwiano unaomfaa mbwa, kati ya moja kwa moja na mbili kwa moja. Nyama tupu haina uwiano huo. Fosforasi yake huzidi chokaa mara nyingi, na mtoto wa mbwa anayelishwa mnofu peke yake hupinda mifupa. Nyama za ndani kutoka machinjioni hufaa zikichemshwa. Zikitupwa mbichi, hasa mapafu na maini yenye vivimbe vya maji, humpa mbwa tegu ambao mayai yao humletea binadamu vivimbe hivyohivyo, ugonjwa uliowatesa sana Waturkana wa Kenya. Maziwa yamepungua kwenye chungu cha mbwa tangu yalipopata soko na kuanza kupelekwa vituo vya kukusanyia, lakini mtindi uliochacha kupita kiasi cha kuuzwa bado ni chakula kizuri. Ndizi zilizochemshwa, viazi au ugali wa dona safi hutoa nguvu. Vitunguu havitiwi kabisa, kwa sababu huharibu damu ya mbwa. Kwa mbwa mkubwa, chungu chenye sehemu mbili za ndizi au ugali uliopikwa, sehemu moja ya usipa au nyama za ndani zilizochemshwa na kijiko cha mafuta hukikaribia kipimo cha protini cha kopo zuri, na kipande kidogo cha ini mara moja au mbili kwa wiki huongeza vitamini ambazo ndizi na ugali havina.